Vitufe vya Plasta

Poni alipokuja Nairobi mwezi uliopita kumwona daktari wa macho, hakuniuliza habari za watoto wala hakutaka chai kwanza. Aliingia sebuleni, akautupa mkoba wake kwenye kochi, akasema, "Kompyuta iko wapi?" Nikamletea. Akaisogeza karibu na pua kwa sababu ya macho yake hayo, akafungua kihariri, yaani programu ninayoandikia msimbo wa kompyuta, akazama hadi kwenye faili ya mipangilio ambayo hata vijana wa kazini kwangu hawathubutu kuigusa, akapandisha na kushusha mpaka akayaona maneno manne aliyoyaandika mwenyewe tulipokuwa Juba. Juwa. Kulu. Bara. Jibu. Akanigeukia. "Ya Mwende, wewe hujafuta?" Nikamwambia ningeyafutaje na ndiyo yanayonilisha. Akacheka kile kicheko chake kinachoanzia tumboni, kisha akaanza kulia, na mimi nikamfuata, tukalia kama waliofiwa ilhali hakuna aliyekufa. Tulikuwa na furaha tu, na tumezeeka kidogo.

Alipoondoka nikaona afadhali niuandike mwaka ule kabla haujaanza kunichanganya. Ilikuwa miaka ya amani, baada ya mkataba wa Sudan kusainiwa na kabla ya watu wa kusini kupiga kura ya kujitenga. Juba ilikuwa mji wa makontena. Watu walilala kwenye makontena, walinunua sabuni kwenye makontena, na ofisi yetu ilikuwa makontena mawili yaliyounganishwa, yakagawanywa vyumba kwa mbao nyembamba ambazo mtu akipiga chafya upande wa pili unamwambia afya. Upande mmoja alikaa bosi wetu, Bwana Oduor, Mkenya mwenzangu, mtu wa shati lililopigwa pasi hata vumbi likiwa magotini. Upande mwingine tulikaa mimi na Poni, meza zikitazamana, feni ikitupulizia hewa ileile ya moto kwa zamu. Mimi nilipanga chumba cha mabati mtaa wa Atlabara, na asubuhi nilitembea hadi kazini nikiwa na chupa ya maji mkononi na leso puani.

Kazi yetu ilikuwa programu ya kuwapangia madarasa watoto waliokuwa wanarudi. Familia zilifika kutoka Khartoum, kutoka kambi za Kenya na Uganda, nyingine Ethiopia, na kila mtoto alikuja na elimu ya alikotoka. Huyu kasoma kwa Kiarabu hadi darasa la nane, yule kwa Kiingereza hadi la sita, mwingine kasoma chini ya hema na hana karatasi yoyote. Mwalimu anaingiza maelezo ya mtoto, programu inamwambia amweke darasa gani. Poni, aliyehitimu Khartoum na kunitangulia kazini, ndiye aliyeandika kiini chake. Mimi nilipewa sheria za kupanga, na sheria zenyewe zilikuwa "kama" juu ya "kama". Kama mtoto ametoka huku. Kama alisoma kwa lugha hii. Kama umri wake umepita kiasi fulani. Kila "kama" ina mabano yake, na ndani ya mabano mna "kama" nyingine yenye mabano yake, na usipokuwa makini unajikuta uko ndani ya mabano usiyokumbuka uliingilia wapi. Niliipenda kazi ile kupita kiasi. Nilikuwa sijafika thelathini, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa mahali ambapo mtu akiuliza "nani anajua hii?" macho yalinigeukia mimi.

Mkono wangu uliharibiwa na jenereta. Starta yake ilikuwa imekufa, na spea ilikuwa kwenye lori lililokwama Nesitu, ambako madereva walikuwa wanasubiri barabara ikauke, kwa hiyo siku hizo tuliiwasha kwa kuzungusha mpini wa chuma. Ilikuwa kazi ya mlinzi. Siku ile umeme ulikatika mchana, mlinzi alikuwa ameenda kula, na mimi nilikuwa na haraka zangu. Nikatoka, nikaushika mpini kwa mkono wa kulia jinsi nilivyomwona akifanya, nikazungusha. Injini ikakohoa, ikabadili mawazo, na mpini ukanirudia kwa nguvu zake zote. Nilisikia mfupa kabla sijasikia maumivu. Poni ndiye aliyenifikisha hospitali kwa bodaboda, mimi katikati, yeye nyuma amenikumbatia, akimtukana dereva kwa Kiarabu cha Juba kwenye kila shimo. Nilifungwa plasta ngumu hadi kiwiko. Ilipofunguliwa, kifundo kilikuwa kimepinda kidogo, na vidole viwili, cha shahada na cha kati, vilikataa kukunjika. Daktari alisema vinaweza kurudi. Havikurudi.

Mtu asiyeandika msimbo anaweza kufikiri kwamba mkono mmoja unatosha, utachelewa tu. Na mimi nilijiambia hivyo. Lakini kuandika ni sehemu ndogo ya kazi yetu. Sehemu kubwa ni kuhamisha. Unatoa sheria hapa, unaiweka pale, unaingiza hii ndani ya ile. Mimi nilikuwa nahamisha herufi kwa herufi kwa mkono wa kushoto, nikishikilia kitufe kimoja kwa kidole gumba na kutafuta kingine kwa kidole cha mwisho, na nikifika mwisho nakuta nimesahau bano moja nyuma na programu nzima imegoma. Jioni shingo ilikuwa ngumu kama ubao. Kazi ya asubuhi moja ikawa ya wiki. Bwana Oduor hakunigombeza. Alikuja tu kusimama mlangoni, akautazama mkono, akautazama mlima wa kazi, akaondoka.

Kisha nikamsikia. Zile mbao nilizozitaja. Alikuwa kwenye simu na mtu wa Nairobi, na kwa kuwa mtandao ulikuwa mbaya alikuwa anapaza sauti. "Ni msichana mzuri, sikatai," alisema. "Lakini shule zinafunguliwa. Nitafutie mtu wa mikono miwili." Nilikaa pale nikitazama skrini bila kuona kitu. Poni naye alikuwa amesikia. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota kwa binamu zake waliokulia Uganda, lakini "mikono miwili" aliielewa vizuri. Hakusema pole, na hata leo nashukuru kwamba hakusema. Alifungua sufuria yake ya chakula aliyotoka nayo kwa shangazi yake, mtaa wa Lemon Gaba, akamega kisra, ule mkate mwembamba wa mtama, akachovya kwenye bamia, akaniwekea mbele yangu. "Kula," akasema. "Halafu kesho mimi nakaa nyuma yako."

Kesho yake alivuta kiti chake hadi nyuma yangu akiwa na glasi ya chai nyeusi yenye tangawizi, akakaa asubuhi nzima bila kugusa kazi yake. Mwanzoni nilijisikia kama mwanafunzi kwenye mtihani, baadaye nikamsahau. Nilikuwa na tabia, na bado ninayo, ya kunong'ona nikifanya kazi. Poni alikuwa anasikiliza minong'ono hiyo. Nilikuwa nasema, toa hii yote. Hii iingie ndani. Hapana, hii ikae nje. Lete na ile inayofuata. Chai ilipoisha akaniwekea mkono begani.

"Wewe nasema na hii kitu vizuri sana," akasema. "Nasema: hii yote, ndani, nje, lete. Maneno nne tu! Lakini kidole chako hakisikii. Kinatembea herufi moja, herufi moja, kama mtu anachagua mawe kwa mchele."

"Sasa nifanyeje? Kompyuta haijui ndani wala nje. Inajua mstari na herufi basi."

"Nani alikuambia?" Alikuwa mkali mtu akiidharau kompyuta mbele yake. "Haijui kwa sababu hakuna mtu ameiambia. Toka hapo."

Nikampisha. Ninachotaka kueleza hapa ndicho kilichobadili maisha yangu, kwa hiyo nivumiliwe. Njia za mkato za kawaida, zile za kunakili na kubandika, hazielewi ulichoandika. Kwao ni wino tu. Poni alikifundisha kihariri chetu kusoma mabano: kijue "kama" inaanzia wapi na inaishia wapi, na kila kilicho ndani yake ni chake. Ni tofauti ya kuhamisha kabati na nguo zake ndani, badala ya kubeba shati moja moja. Ukiwa popote ndani ya sheria, kitufe kimoja kinakamata kila kilicho ndani ya mabano. Kingine kinakamata sheria nzima pamoja na "kama" yake. Kingine kinavuta sheria inayofuata na kuiingiza ndani, na bano linafunguka lenyewe kuipokea na kujifunga nyuma yake. Na cha nne, nilikuja kujua baadaye, kinafanya kinyume. Akavipanga vyote chini ya vidole vya mkono wa kushoto, kwenye vitufe vinavyofuatana, na kile kitufe cha herufi kubwa ambacho hakuna mtu anakitumia akakigeuza kuwa cha kushikilia kwa kidole cha mwisho. Hakuna kunyoosha kidole, hakuna kuvuka kibodi.

Ili nisivisahau, akakata vipande vya plasta ya kubandika, iliyobaki kwenye mkoba wangu wa hospitali, akabandika juu ya vitufe na kuandika jina la kila kimoja kwa kalamu nyeusi. Kiswahili alikuwa anakisema tu, hajawahi kukiandika, na Kiingereza hakukipenda, basi akaandika kwa lugha iliyokuwa karibu naye. Juwa. Kulu. Jibu. Bara. Alinionyesha jinsi vitatu vya kwanza vinavyofanya kazi, tukacheka, nikamkumbatia kwa mkono mmoja na ule mwingine ukining'inia. Alipofika cha nne simu yake ikalia. Mume wa shangazi yake alikuwa amefariki. Akachukua mkoba, akatoka mbio kwenda Lemon Gaba, na msiba wa kule haukuwa wa siku moja.

Nilibaki na vitufe vyangu, na nawaambieni, nilikuwa kama mtu aliyerudishiwa macho. Sheria zilikuwa zinahama zenyewe. Nilikuwa nafikiri "ingia ndani" na kidole kimeshafanya. Mama Akello, Mganda aliyekuwa na kibanda cha chakula nyuma ya ofisi, aliniletea posho, ule ugali wa kwao, na maharage, akanikuta nacheka peke yangu. "Eh, dada," akasema, "leo hii mkono nauma kidogo?" Nikamwambia mkono ni uleule, ila nimepata marafiki. Akazitazama zile plasta kwenye kibodi. "Na hii kompyuta pia iko mgonjwa?"

Kulikuwa na kitufe kimoja nilichokuwa sijakitumia. Kimeandikwa BARA. Nikajiuliza maana yake, kisha nikaona naijua. Mimi ni Mkenya. Bara kwangu ni nchi kubwa, ni kule kusiko pwani, ni Afrika nzima. Jibu nilikuwa nimelichukulia hivyohivyo, kwamba unaiita sheria nayo inakujibu, na lilikuwa linafanya kazi sawasawa na nilivyotarajia. Juwa nilifikiri ni kujua, mashine inajua kilichomo ndani, na Poni kakosea herufi tu. Basi bara, bila shaka, ni lile eneo kubwa kuliko yote, la kukamata kila kitu kwa pamoja. Nilifurahia hata akili yake ya kuchagua neno zuri hivyo.

Asubuhi ya kuwaonyesha programu wageni wa idara ya elimu, kabla tu hawajaingia, nikataka kuinyoosha mistari ya kazi yangu ipendeze. Nikasimamisha alama ya kuandikia kwenye sheria moja katikati, ile inayosema kwamba mtoto aliyesoma kwa Kiarabu aanzie darasa la alfabeti ya Kiingereza, nikabonyeza bara ili nikamate yote. Skrini ikacheza kidogo. Mstari mmoja ukasogea kushoto. Nikaona pamenyooka, nikaridhika, nikahifadhi.

Waliingia wageni wawili: Mzee Wani, afisa mwenye mvi na fimbo ya kutembelea, na mwalimu mkuu mmoja, mama aliyefundisha Khartoum miaka mingi. Bwana Oduor aliwaonyesha viti, projekta ikarusha picha ya skrini yangu ukutani. Mzee Wani akasema ataijaribu kwa mtoto anayemjua, akataja binti yake mwenyewe, aliyesoma Nakuru hadi darasa la saba. Nikaingiza. Programu ikajibu kwa herufi kubwa ukutani kwamba binti aanzie alfabeti ya Kiingereza.

"Huyu binti," Mzee Wani akasema taratibu, "akiwa nyumbani ananisahihisha mimi Kiingereza."

Wakacheka. Akataja mtoto wa jirani aliyetoka Uganda. Alfabeti ya Kiingereza. Akataja mwingine wa kutoka Kenya. Alfabeti ya Kiingereza. Hapo hakucheka mtu. Yule mama mwalimu akaanza kumwambia mzee jambo kwa sauti ya chini, kwa Kiarabu, mzee akamjibu kwa sauti ya juu zaidi, na wakatoka nje wakiwa bado wanabishana. Sikuelewa neno. Bwana Oduor aliwasindikiza, akarudi, akakaa kwenye kiti cha Poni.

"Pole, Mwende," akasema. Angenipigia kelele ningejisikia nafuu. "Mtu wa Nairobi anakuja mwisho wa mwezi. Utamkabidhi kazi, sawa?"

Nikasema sawa. Mchana ule nilitafuta kosa nikaliona: ile sheria ya alfabeti ilikuwa imetoka nje ya mabano yake, imesimama peke yake chini, inamkamata kila mtoto anayepita. Kuirudisha ilikuwa kazi ya kitufe kimoja, jibu, nikairudisha. Kilichoniumiza ni kwamba sikujua imetokaje. Nikaamini ni mkono. Nikaamini vidole vyangu vinafanya mambo nisiyoyajua, na kwamba mtu wa hivyo hana haki ya kugusa kazi itakayowaweka watoto darasani. Nilienda kwa Mama Akello nikaagiza chakula nikakitazama tu. Alikaa mbele yangu na taulo lake begani. "Kula," akaniamuru. "Mkono moja bado nakula." Nilikula nikilia, na yeye akajifanya anafukuza nzi.

Poni alirudi kutoka msibani amefunga kitambaa cheusi, sauti imekauka. Nikamweleza yote, kwa aibu, nikamwambia aanze kunizoea nikiwa mgeni. Akasikiliza. Kisha akauliza swali moja tu. "Nionyeshe ulibonyeza nini."

Nikamwonyesha. Nikamwambia nilibonyeza bara ili nikamate lote kubwa.

"Lote kubwa?"

"Bara, si nchi yote? Bara la Afrika?"

Akanitazama. Akatazama kile kipande cha plasta. Kisha, na kitambaa chake cha msiba kichwani, akaangua kicheko hadi akashika meza, hadi Bwana Oduor akagonga mbao kutoka upande wa pili. "Bara ni nje!" akasema, akipangusa machozi. "Ya Mwende! Bara ni nje! Juwa, ndani. Kulu, yote. Jibu, lete. Bara, nje! Wewe umefukuza hiyo sheria kwa nyumba yake halafu nashangaa inalala barabarani!"

Mkono wangu haukukosea. Ulifanya nilichouambia, na kihariri kilifanya kilichoambiwa na mkono. Neno tu ndilo lililokuwa na makazi mawili. Nilihema kwa mara ya kwanza tangu wageni waondoke. Tukaketi, na siku nzima Poni akanipigia kelele kutoka meza yake, "Bara! Jibu! Kulu! Juwa!" na mimi nabonyeza kwa kufuata sauti, kama mchezo wa watoto, mpaka maneno yale yakaacha kuwa ya Kiswahili kichwani mwangu na yakawa ya vidole.

Wageni wa elimu walirudi juma lililofuata bila kuitwa. Kumbe ule ubishi wa mlangoni haukuwa kuhusu kosa letu. Kosa letu liliwachokoza tu. Yule mama alikuwa amemuuliza Mzee Wani kwa nini liwepo darasa la kumrudisha mtoto wa Khartoum kwenye alfabeti hata kama amefika darasa la nane, ana hesabu na sayansi kichwani, amekosa lugha tu. Mzee akasema ndiyo sheria. Mama akasema basi sheria ibadilishwe, na wakakubaliana waje waibadilishe palepale, mbele ya mashine, ili kila mmoja aone mwenzake asimchezee. Bwana Oduor alinitazama kwa wasiwasi. Mtu wa mikono miwili alikuwa hajafika. Poni alikuwa upande wa pili akishughulikia kiini chake, na nadhani alibaki huko makusudi.

Projekta ikarusha ukutani sheria zangu zote na mabano yao. Wakaanza kwa Kiingereza cha adabu, lakini adabu haikudumu. Mama akasimama, akaonyesha kwa kidole, akamgeukia mzee. "La, de ma sah! Wodi de bara!"

Katika maneno hayo nililijua moja tu, la mwisho, nikabonyeza bara. Sheria ikatoka nje ya mabano ukutani, mbele ya macho yao.

Mzee Wani akanitazama, akatazama ukuta. Akasema, kama mtu anayejaribu mlango, "Jibu de juwa." Sheria ikaingia ndani. "Kulu," akasema. Kipande chote kikawaka rangi. Akatabasamu, na nikaona meno yake kwa mara ya kwanza. Akamgeukia mama, na sasa wakabishana kweli, fimbo ikigonga sakafu, huyu anasema bara, yule anasema jibu, na mimi katikati na mkono wangu wa kushoto nafuata. Mtoto wa Khartoum akatolewa kwenye alfabeti. Akaingizwa darasa la umri wake. Somo la lugha likaletwa ndani likakaa pembeni yake, la jioni. Mzee akakataa, likatoka. Mama akashika kiuno, likarudi. Kila walichosema kiliwezekana papohapo, wakikiona, kwa hiyo walilazimika kusema walichokimaanisha. Kiarabu cha Juba sikukijua zaidi ya maneno manne, na maneno manne yalitosha. Niliona mwaka mzima wa shule wa watoto nisiowajua ukipangwa mbele yangu, na kila jambo lilipita kwenye vidole vyangu.

Walipomaliza Mzee Wani akaja kwenye meza, akainama kuzitazama zile plasta, akazisoma moja moja kwa sauti. "Nani aliandika hizi?" akauliza kwa Kiswahili. Nikaelekeza kwenye ukuta wa mbao. Poni, aliyekuwa anasikiliza kila kitu, akagonga mara moja kujitambulisha.

Jioni nilimsikia Bwana Oduor kwenye simu, akipaza sauti kwa sababu ya mtandao, akimwambia mtu kwamba nafasi imejazwa, samahani kwa usumbufu. Kesho yake aliniita upande wake. Mkataba mpya ulikuwa mezani, na kalamu juu yake, na kando akaweka ule wa zamani wenye sahihi yangu ya zamani, nzuri, yenye mkia. Akamwita na Poni awe shahidi. Nikaichukua kalamu kwa mkono wa kushoto na kuanza kuandika jina langu, taratibu, herufi zikilala huku na huku kama za mtoto wa chekechea. Bwana Oduor akalinganisha karatasi mbili, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mwende, hii haifanani. Watasema si wewe. Jaribu ile ya zamani."

"Ile ilikuwa ya mkono ule, bosi," nikamwambia. "Yangu ni hii."

Sikuirudisha kalamu mezani. Nilimpa Poni. Mahali pa shahidi palikuwa kwenye mstari uleule, upande wa kulia. Poni akainama, akaanza kusaini kwa Kiarabu, kutoka kulia kuja kushoto, kwa mbwembwe zake zote, bila kuangalia anakoelekea, hadi herufi zake zikakutana na zangu katikati ya mstari na kuzipanda.

"Sasa hapa," Bwana Oduor akasema, "nani ni nani?"

"Malesh, bosi," Poni akaomba radhi. "Karatasi yako ndogo."

Bwana Oduor akaupulizia muhuri pumzi, akaugonga palepale katikati, juu ya majina yote mawili.